Tunaomba robo saa bila spika

Juzi hapa Nengo tulisikiliza kwa simu Okteti ya Schubert, ya mwaka 1824. Wapigaji nane: vyombo vitano vya nyuzi, vitatu vya kupuliza, na vyote vya aina ya zamani, nyuzi za utumbo wa kondoo. Sauti ni ya chini, lakini kila chombo unakisikia. Mmoja wetu akasema: kumbe ni kama inanga!

Kweli kabisa. Inanga ya Rwanda ni ubao uliochongwa kama sinia refu, uzi mmoja unaenda na kurudi juu yake. Zamani uzi ulitoka kwenye mishipa ya ng'ombe. Ikembe nayo ilivuka kutoka kwetu Kongo ikakaa hapa (haikuulizwa karatasi!). Ukiviweka pamoja na iningiri, ile ya uzi mmoja, lazima watu wasogee. Na sisi tumezoea kukaa mbalimbali, wa Masisi huku, wa Rutshuru kule.

Ndugu zetu wa mashirika, siku ya sherehe mnaleta spika kubwa. Asante, tunacheza sana. Lakini mzee wetu wa ikembe akianza, hakuna anayemsikia, anaifunga tena kwenye kitambaa. Safari hii tuleteeni mikeka, na spika zizimwe robo saa tu. Tutamrekodi wenyewe kwa simu, wakati bado yuko nasi.