Taa ya Mvuvi

Msomaji, ukiambiwa kwamba fundi wa Eldoret hutengeneza vyombo vya uvuvi, huenda ukacheka. Mji wetu umekaa juu, yapata mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na Mto Sosiani haujapata kunilisha hata samaki mmoja. Walakini omena wauzwao sokoni kwetu hutoka Ziwa Victoria, nao huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mbalamwezi. Nuru huwavuta juu, na wavu huwakusanya. Zamani taa hizo zilikuwa karabai; siku hizi wavuvi wengi hutumia taa za umeme ziwakazo kwa betri.

Mjomba wangu huvua Usenge. Kila mwezi unapopevuka na uvuvi ukapumzika, huniletea kwa basi taa na betri yake, ya asidi kama zile za magari, pamoja na debe la omena, ambalo ndilo ujira wangu.

Kazi yenyewe haina siri. Fungua kwanza kibanio cha hasi, kisha cha chanya. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia. Unga mweupe au wa kijani uotao vichwani mwa betri huzuia umeme kupita. Uoshe kwa maji ya vuguvugu yaliyotiwa magadi, nayo yatachemka povu, kwa kuwa magadi huiua asidi. Angalia tu yasiingie ndani ya betri, na asidi isikurukie machoni. Suuza, kausha, sugua mpaka madini yang'ae, kaza vibanio, ndipo upake mafuta mazito kuzuia unyevu. Maji ya ndani yakipungua, ongeza maji yaliyokusanywa kutokana na mvuke, si ya kisima. Wala usiwashe kiberiti karibu na betri inayochajiwa, kwani hutoa hewa iwezayo kulipuka.

Baridi nayo ni adui. Huko Kanada watu hutoboa barafu ya ziwa wakavua kupitia tundu, wakiwa na vyombo vya umeme viwaonyeshavyo samaki walio chini. Nao hujitahidi kuzikinga betri zao, maana baridi hupunguza nguvu zake. Eldoret hatuna barafu ya kukanyaga, lakini mwezi wa Julai betri iliyolala juu ya sakafu ya saruji hunikumbusha watu hao.

Ilikuwa Julai nilipokosa. Kazi zilikuwa nyingi, vidole vimekufa ganzi, na basi lilikuwa karibu kuondoka. Nilifuta unga ulioonekana, nikapaka mafuta juu ya vibanio bila kuvifungua. Betri iling'aa kama mpya. Nilijaribu taa, ikawaka, nikaridhika.

Siku ya tatu usiku wa manane, mbali na pwani, taa ile ilififia, ikazima. Mjomba na wenzake wawili walibaki gizani, upepo ukiinuka. Chombo kikubwa cha mashine kikaja moja kwa moja upande wao, kisiwaone. Walipiga mayowe na kugonga debe la kukumbia maji, hata kikageuka kimewakaribia mno. Walirudi alfajiri, wavu mtupu.

Mara hii mjomba hakuituma betri, aliileta mwenyewe. Nilimwamkia, akaniitikia kwa upole, na upole huo ulinitisha kuliko matusi. Aliketi, akaomba spana, akafungua kibanio. Chini ya mafuta yangu mazuri unga ulikuwa umejaa tele. Aliukwangua kwa ukucha, akaniwekea kiganjani.

"Mpwa wangu," alisema, "huku hukufika."

Sikuwa na jibu. Niliinjika maji jikoni, nikatafuta magadi. Naye alingoja hapo hapo, koti lake limefungwa mpaka shingoni, akinitazama mikono.