Nipeni Watatu

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka 15, nikiimba sauti ya pili katika kwaya ya vijana wa Kianglikana huku Bugufi, upande wa Ngara unaopakana na Burundi. Dayosisi ya Kagera, yenye makao yake Murgwanza, ilikuwa imetimiza mwaka mmoja tu. Mkutano wa vijana ulikuwa Bushubi, nasi tulikwenda kwa miguu. Tulitoka Ijumaa alfajiri, sufuria tukipokezana kichwani, ngoma ikibebwa na mwenye zamu. Mchango ulikuwa maharage na ndizi. Asiye na maharage alibeba kuni, na sikumbuki kijana aliyebaki nyumbani kwa kukosa cha kutoa.

Jioni tulifika tumechakaa kwa vumbi, tukakaa kwenye nyasi nje ya kanisa kungoja kugawiwa. Ndivyo tulivyosema: kugawiwa. Mzee wa kanisa alishika daftari, na akina mama wenyeji wakawa wanapaza sauti mmoja baada ya mwingine: "Mimi wawili." "Nipeni watatu." Mimi na wenzangu wawili tulichukuliwa na mama ambaye hatukuwahi kumwona. Alitutandikia mkeka juu ya nyasi kavu, akatupashia maji ya kuoga, akatuletea maji ya ndizi mbivu yasiyochachuka, kwa kuwa walokole hawakugusa pombe. Usiku alituhoji habari za kwetu, ukoo kwa ukoo, mpaka akapata shangazi mmoja tuliyeweza kumwita wetu sote. Jumapili tulipoaga alilia. Miaka mingi baadaye, nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, alifika kunitazama na kuku kwapani.

Wazee walituambia kuwa nao walisafiri hivyo. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulivuka mto Kagera kwa miguu ya watu, nao walikwenda kilima kwa kilima kutoa ushuhuda, wakilala kwa yeyote aliyewaita ndugu.

Kisha ukaja mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa siku moja hivi, takriban wakimbizi 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Benaco, mahali palipobaki na jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, pakawa mji wa maturubai. Mikutano yetu ya Jumamosi ikahamia huko. Kihangaza chetu na Kinyarwanda chao husikizana, na ulipoanzishwa Tukutendereza, wimbo wa uamsho ule, hakuna aliyehitaji kitabu. Siku moja, baada ya maombi, mama mmoja aliyekuwa na turubai na sufuria moja alitushika mikono, akakataa tuondoke kabla ya kunywa uji wake. Nilijua ule ulikuwa mgawo wa watoto wake. Niliunywa, kwa sababu kukataa kungemvunjia heshima, na mpaka leo sijapata kupokewa kwa ukubwa ule.

Kambi za Wanyarwanda zilifungwa Desemba 1996, lakini silaha za vita vya majirani zilikuwa zimezagaa. Pori la Biharamulo likawa jina la kutisha kwa ujambazi. Mabasi yalisubiriana na kusindikizwa na askari, na hakuna mzazi aliyemruhusu binti yake apite huko kwa ajili ya kuimba. Kwa miaka mingi kila kwaya iliimba kwao.

Ndiyo maana nilitokwa na machozi, mimi na vijana wa kwaya ninaowalea sasa tulipoingia pori lile lile kwa Coaster, fulana zetu zimefanana, vijana wakigombea dirisha la upande wenye twiga. Tangu 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yameunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707. Tulisali kandokando ya Ziwa Burigi, tukala wali na nyama, tukapiga picha, tukalala gesti, wawili wawili, milango imefungwa. Nilifurahi kwa moyo wote. Ila hatukuagana na mtu yeyote, maana hakuna aliyetupokea.

Na si hilo tu. Safari ilitangazwa kwenye kundi la WhatsApp, michango ikatumwa kwa simu, orodha ikafungwa Alhamisi. Kijana wetu mwenye besi nzito kuliko wote hakuwemo. Orodha niliishika mimi, mlezi wao, na jina lake nililikata kwa kalamu yangu mwenyewe. Zamani angebeba kuni.

Safari iliyofuata ilikuwa Biharamulo mjini, kuimba na vijana wa huko. Nilimpigia simu mzee wa kanisa, nikamwomba atugawe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema siku hizi watu wana vyumba vya kupanga, hana uhakika, ila tuje na maharage. Tulishuka 27, yule wa besi akiwa na gunia begani. Mzee akasimama mlangoni, akauliza nani anaweza kuchukua wageni. Walitazamana. Wasichana wangu wakaanza kuchezea simu zao, nami mikono ikaniloa jasho.

Kutoka benchi la nyuma akainuka bibi mmoja, mtandio wake umefifia, akaegemea fimbo. "Mwanangu," akamwambia mzee, "mbona unauliza? Nipeni watatu."