Kirusi Hukaa Diski D

Kazi ya ufundi kompyuta niliianzia kwenye intaneti kafe moja ya Magomeni, Dar es Salaam, enzi hizo mteja akilipia nusu saa na ukurasa mmoja ukifunguka taratibu hadi analalamika kwamba muda wake unaliwa. Niliajiriwa kupokea hela na kuwasha jenereta mgao ulipofika. Mashine zilipogoma, bosi hakutaka kulipa fundi wa nje, akawa ananiambia nizitazame mimi kwanza. Sikuwa na cheti wala kitabu. Nilikuwa na usiku mzima baada ya kufunga, na kompyuta ambazo hata nikiziua zilikuwa zimeshakufa.

Virusi ndivyo vilivyonilisha miaka ile. Mwanzoni tulipambana na vile vinavyojifanya folda, na maarufu kwetu kilikuwa Brontok, kilichoibuka Indonesia mwaka 2005. Ujanja wake ulikuwa mwepesi: ni programu iliyovishwa picha ya folda ya njano. Windows XP ilificha herufi za mwisho za jina la faili, zile .exe, kwa hiyo mteja aliona folda, akaibonyeza mara mbili, na kirusi kikaamka. Ukitaka kukichunguza kwa kufungua Regedit, zana ya kuhariri rejista ya Windows, kompyuta inazima na kuwaka upya mbele ya macho yako. Wengi walimlaumu mtu wa umeme.

Mwishoni mwa 2008 kikaja Conficker, na hicho kilikuwa daraja nyingine. Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha tundu kililopitia mnamo Oktoba mwaka huohuo, kabla kirusi chenyewe hakijaonekana Novemba. Lakini kafe kama yetu, yenye Windows za kunakili, habari za viraka ilizisikia kwa mbali. Conficker kilipita kwenye nyaya za ndani kutoka mashine hadi mashine, kikakisia nywila nyepesi, kikapanda na flashi. Dalili yake niliipenda kwa sababu haikuhitaji kifaa chochote. Fungua tovuti ya gazeti, inafunguka. Fungua ya kampuni ya antivirusi, haifunguki. Ya Microsoft, haifunguki. Kilikuwa kinachuja majina ya tovuti zinazoweza kukimaliza. Februari 2009 Microsoft wakatangaza zawadi ya dola 250,000 kwa atakayetoa habari za kuwakamata waliokitunga. Bosi alinisomea taarifa ile kwa sauti, kisha akaniuliza kwa upole kama labda nawafahamu.

Kafe zilipoanza kufa nikahamia Kariakoo, meza moja ndani ya duka la mtu mwingine, kati ya muuza chaja na muuza kava za simu. Hapo ndipo nilipokutana na kompyuta za nyumbani: mashine za mezani za mtumba, Pentium 4 nyingi, zinazokaa sebuleni zimefunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya zamani. Kompyuta ya ofisini ina mwenyewe. Ya nyumbani ni ya kila mtu, na kila mtu ana flashi yake.

Nitaisimulia moja tu, ya mwalimu mstaafu wa Tabata, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha kazi hii ilivyo. Mama huyu alikuwa anachapa mitihani ya majaribio kwa ajili ya vituo vya masomo ya ziada mtaani kwake. Ilikuwa ndiyo pensheni yake ya pili. Mashine ilikuwa imekwishapita kwa mafundi wengine, kila mmoja akapiga Windows upya, akachukua elfu kumi yake, akaondoka. Siku hiyohiyo au kesho yake ugonjwa unarudi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Niambie ukweli. Hii mashine imerogwa?"

Nikamwambia ngoja niione. Nilibonyeza Ctrl, Alt na Delete: ujumbe ukatoka kwamba Task Manager imezuiwa na msimamizi. Msimamizi gani, wakati mwenye mashine amekaa pembeni yangu anakunywa chai? Regedit nayo imezuiwa. Nikawasha upya nikabonyeza F8 ili niingie kwenye hali salama, kioo kikageuka bluu, chapu. Antivirusi aliyowekewa na fundi wa mwisho ilikuwa imelala, haifunguki kabisa. Nikajua nipo mbele ya Sality.

Sality ni mzee wa zamani, kilionekana mara ya kwanza mwaka 2003, ila kiliendelea kuboreshwa na wenyewe mwaka hadi mwaka. Hakiji kama faili moja ambalo utalifuta ukalala. Kinajipachika ndani ya programu zilizopo, yaani kila .exe na .scr kinayoifikia, kwenye diski, kwenye flashi na kwenye folda za mtandao. Kinafuta sehemu ya rejista inayoiwezesha Windows kuwaka katika hali salama, ndiyo maana ya kile kioo cha bluu. Kinazima antivirusi. Na ukileta dawa yako kwenye flashi ukaifungua humo ndani, dawa yenyewe ni programu, basi nayo inapachikwa. Kukiskani kirusi hiki ukiwa ndani ya Windows kinayoishikilia ni kumkabidhi mwizi tochi akusaidie kukagua nyumba.

Sasa, kwa nini kilirudi kila baada ya Windows mpya? Jibu lilikuwa kwenye diski D. Mafundi wetu, na hapa nasema bila kumung'unya maneno, wamezoea kugawa diski mara mbili: C ya Windows, D ya vitu vya mteja. Wakija kutibu wanafomati C na kuiacha D kama ilivyo, kwa sababu mteja amesema vitu vyake visipotee. Ni utaratibu mzuri kwa ugonjwa wa kawaida. Kwa Sality ni kumlisha. D ya Mwalimu ilikuwa na folda ambayo mafundi wenyewe waliiacha humo iwasaidie siku nyingine: Office, Winamp, madereva ya printa, magemu ya wajukuu, yote ni .exe, na yote yamepachikwa. Fundi anamaliza kupiga Windows safi, anaingia D kuchukua Office, anabonyeza mara mbili. Kazi imekwisha, kirusi kimesharudi kabla hajapewa nauli. Hata asipogusa Office, juu kabisa ya D kulikuwa na faili lililofichwa liitwalo autorun.inf, ambalo kwa Windows ya wakati ule lilitosha kukiamsha kirusi mara tu mtu anapobonyeza picha ya diski ili aifungue.

Dawa yake ni kutoiwasha Windows hiyo kabisa. Unaiwasha kompyuta kwa mfumo mwingine, kutoka kwenye CD, kirusi kikiwa kimelala ndani ya diski kama maandishi tu. Kaspersky na wenzao walikuwa wanatoa CD za uokoaji za bure zinazotumia Linux, na Sality haijui Linux. Shida ilikuwa kuipata. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulikuwa umefika pwani yetu Julai 2009, lakini kasi yake ilikuwa bado ya maofisi makubwa. Rafiki yangu aliyekuwa na zamu ya usiku kwenye ofisi moja ya mjini aliniachia ikashuka hadi asubuhi, nikaichoma kwenye CD palepale, kwenye mashine safi. CD ina sifa ambayo flashi haina: ikishachomwa, hakuna kirusi kinachoweza kuandika juu yake.

Skani ya Pentium 4 yenye kumbukumbu ndogo ni kazi ya subira. Niliiacha ikikimbia, Mwalimu akaenda msibani, akarudi, bado inahesabu. Orodha ya programu zilizoambukizwa ilikuwa ndefu kuliko rejista ya darasa lake lolote. Nyingi zilikubali kusafishwa, nyingine zilikuwa zimeharibika. Mimi sikuzibembeleza. Niliondoa installa zote za D, kila .exe, kila .scr, pamoja na magemu, wajukuu wakanuna. Nilichobakiza ni mitihani, picha na nyimbo, kwa sababu Sality haikai kwenye faili la Word wala kwenye picha. Hili nalitilia mkazo kwa vijana ninaowafundisha: ukijua kirusi kinabebwa na nini, hutaogopa kuokoa kazi ya mtu. Nimeona mafundi wakifomati miaka kumi ya barua na picha kwa hofu ya kitu ambacho hakikuwa humo.

Ndipo nikapiga Windows mpya juu ya C, na kabla ya jambo lolote lingine nikaizima ile huduma ya kujiendesha yenyewe, inayosoma autorun.inf. Kisha nikamwomba Mwalimu anikusanyie flashi zote za nyumba ile. Zikaja kutoka kwenye mikoba, kwenye funguo, moja kwenye droo ya dawa, moja shingoni kwa mjukuu wa kidato cha tatu. Karibu zote zilikuwa na autorun.inf. Nilizisafisha, kisha ndani ya kila moja nikatengeneza folda tupu nikaiita autorun.inf. Flashi hairuhusu faili na folda vyenye jina moja vikae pamoja, kwa hiyo kirusi kikija kuandika faili lake kinakuta nafasi imekaliwa. Si kinga ya kudumu, maana vilikuja virusi vinavyojua kuifuta folda hiyo, ila kwa wakati ule ilizuia vingi.

Kirusi hakikurudi kwenye kompyuta ya Mwalimu, lakini flashi ya yule mjukuu ilirudi nacho. Nilimuuliza inapitaga wapi. Akanipeleka hadi kwenye kibanda cha muvi pale kituoni, wanakouza filamu zilizotafsiriwa na nyimbo kwa kukupakilia. Kompyuta ya kijana yule ilikuwa inapokea flashi za mtaa mzima tangu asubuhi hadi usiku. Alikuwa anajua ina virusi. "Inafanya kazi lakini," akaniambia, na kwa upande wake alikuwa sahihi, maana muvi zilikuwa zinapakiwa vizuri tu. Nilimsafishia bure. Haikuwa wema. Nilikuwa nimechoka kutibu nyumba mojamoja wakati kisima ni kimoja. Baada ya hapo nikawa nikipata mteja wa Tabata, Segerea au Kinyerezi, swali langu la kwanza si kompyuta ina tatizo gani. Nauliza muvi mnapakiliwa wapi, na mitihani mnatolea steshonari gani.

Februari 2011 Microsoft wakasambaza sasisho la kuzima kujiendesha kwa flashi hata kwenye XP, na biashara yangu ya aina ile ikaanza kupungua. Virusi vikabadili njia. Vikaja vile vya njia za mkato, vinavyoficha folda zako na kuweka vivuli vyake, na ambavyo wanafunzi wengi wa chuo walijifunza kuvitibu wenyewe kwa mstari mmoja wa amri ya attrib. Hivyo sikuvitoza hela. Aibu kumtoza mtu kwa mstari mmoja.

Kilichobadilisha kazi yangu kabisa ni vile vinavyofunga mafaili. Kwa nyumba za kwetu mkubwa wao ni STOP, wengine hukiita Djvu, kilichoanza kuonekana mwishoni mwa 2017 na kushamiri 2018. Hakihitaji flashi. Kinakaa ndani ya programu za kuvunja leseni, zile ambazo kijana anashusha ili apate Office au Photoshop bila kulipa. Kinaonyesha dirisha la uongo la sasisho la Windows, na wewe unasubiri kwa heshima huku kinafunga picha na nyaraka zako moja baada ya nyingine. Ukimaliza kusubiri unakuta barua iitwayo _readme.txt: lipa dola 980, au 490 ukiwahi ndani ya saa 72.

Kukiondoa chenyewe si kazi. Antivirusi ya kawaida inakiondoa. Sality ilinitesa kutoka, lakini mitihani ya Mwalimu ilibaki salama. Hiki kinatoka kirahisi na mafaili hayafunguki. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa zana ya bure ya kufungua matoleo 148 ya kirusi hicho. Ya baadaye yanafunguka tu kama kirusi kilishindwa kufikia seva yake wakati wa kufunga, kikatumia ufunguo wa akiba, na ufunguo huo umeshapatikana. Utambulisho ulioandikwa kwenye ile barua ukiishia na t1, mteja wangu ana tumaini. Usipoishia hivyo, namwambia ukweli palepale, simpokei hela. Kwa kuwa kinafunga kama kilobaiti 150 za mwanzo tu za kila faili, video kubwa za harusi wakati mwingine nimeziokoa kwa zana za kutengeneza video. Picha za simu, karibu hakuna.

Wapo wanaojiita mafundi wanaoahidi kufungua kila kitu kwa laki kadhaa. Msiwape. Mafaili yaliyofungwa yahifadhini kama yalivyo, kwa kuwa funguo nyingine zimewahi kupatikana baadaye. Na wewe ambaye hujapatwa, wiki hii nunua diski ya nje, nakili picha na nyaraka zako, kisha ichomoe uiweke kabatini. Ukiiacha imechomekwa kwenye kompyuta, kirusi kitaifunga nayo.