Bahari ya Mwenye Kinda

Baba yangu amevua dagaa Tanga kwa taa za karabai tangu ujana wake. Nilipomweleza kwa simu kwamba kazi yangu katika kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, ni kupima makinda wa pengwini ili tujue wazazi wao wanavyoshindania chakula, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Washindanie nini, mwanangu, na bahari yote ile?"

Swali lile lilinikaa. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa nikingoja kuuona ugomvi wenyewe. Ugomvi upo, ila si wa chakula. Hudonoana kwa ajili ya shimo la kiota, kijiti, au jirani aliyepita karibu mno, na milio yao kama ya punda husikika usiku kucha. Lakini sijawahi kumwona mmoja akimpokonya mwenzake samaki pale ufukweni. Wanaposhindana ni majini, na kushindwa kwenyewe ni kufika mahali ambapo mwenzako ameshapita.

Ushindani huo nausoma kwenye mizani. Namtia kinda ndani ya mfuko wa kitambaa, namning'iniza kwenye ndoano ya mizani, halafu napima kichwa chake kwa kalipa, kutoka kisogoni hadi ncha ya mdomo. Ukilinganisha uzito na kichwa unajua analishwaje. Makinda wawili wenye vichwa sawa wanaweza kuwa mmoja tumbo kama kibuyu, mwingine mfupa wa kidari unakukata kiganja.

Kuna viota viwili ambavyo siwezi kuvisahau, hatua tatu tu baina yao. Wa kiota cha kwanza, mzazi alikuwa akitoka alfajiri na kurudi jioni ileile. Wa kiota cha pili alirudi kesho yake, na mara nyingine kesho kutwa. Kila kiota kilikuwa na makinda wawili, kama ilivyo kawaida yao. Kile cha pili kilibaki na mmoja. Jirani alipita mbele ya yule mdogo aliyebaki akiwa ameshiba samaki, na mdogo akampigia kelele akiomba. Alichopata ni kudonolewa. Pengwini humlisha wa kwake peke yake, anayemjua kwa sauti. Nami kazi yangu hainiruhusu kulisha. Niliandika uzito, nikamrudisha shimoni, nikaondoka na uchungu.

Sasa, jibu la baba. Bahari ya pengwini mwenye kinda si bahari yote ile. Mtoto akiwa bado mdogo, mzazi mmoja lazima abaki kumkinga dhidi ya shakwe na jua kali, na aliye majini lazima arudi kumpokea. Kwa hiyo wengi huwinda ndani ya kilomita 20 hadi 40 kutoka nyumbani. Kutoka Robben hadi kisiwa cha Dassen, ambako pengwini wengine huzaliana, ni kama kilomita 50. Chora duara la kilomita 30 kuzunguka kila kisiwa, utaona maduara yanaingiliana. Mtaalamu wa ndege Philip Ashmole aliliandika jambo hili mwaka 1963 akizungumzia ndege wa bahari za joto: mazalio yakiwa makubwa, ndege wenyewe hupunguza samaki walio karibu, na kila mmoja hulazimika kwenda mbali zaidi.

Wapo wanaolishika hilo na kuniambia kwamba, basi, pengwini wanamalizana wenyewe. Nawakatalia. Jozi zinazozaliana zimeshuka chini ya 10,000, na mwaka 2024 pengwini wa Afrika wakawekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Ndege wachache hivyo watajazana wapi? Tena jirani anafaa. Kamera zilizofungwa kwenye pengwini wa mazalio ya Stony Point zilionyesha kwamba wakikuta kundi la samaki, wakiliwinda kwa pamoja, hupata zaidi kwa jasho dogo. Jirani huwa mzigo pale samaki wanapoadimika, na anayevua nao ndani ya duara lile dogo ni meli yenye wavu wa kuzungushia, ikitafuta sadini na anchovi walewale.

Mwaka 2009 uvuvi huo ulipozuiwa ndani ya kilomita 20 kuzunguka kisiwa cha St Croix, katika ghuba ya Algoa, pengwini wa pale walipunguza safari na jitihada zao ndani ya miezi mitatu. Hakuna aliyekuwa amewapunguzia jirani.

Machi 2025, baada ya kesi kuhusu uvuvi huo, pande zote za kesi zilikubaliana mipaka mipya ya kuuzuia kuzunguka mazalio sita, na mahakama ikaifanya kuwa amri. Nilimpigia baba.

"Usiku mpaka wanauona vipi?" akauliza.

Nikamweleza kwamba meli hufuatiliwa kwa setilaiti.

"Na dagaa, nao wanaujua?"

Hawaujui, baba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 sadini na anchovi wakubwa wengi wamehamia upande wa kusini-mashariki, na amri ya mahakama haiwarudishi. Lakini wale wachache wanaopita bado karibu na kisiwa, nataka mzazi wa kile kiota cha pili awakute.