Werner na hesabu ya marejeo

Mdogo wangu anasoma kemia. Juzi aliniuliza: nyinyi wa lugha mnapimwaje? Kwao kuna kipimo cha Hirsch, cha mwaka 2005: ukiwa na makala 20, na kila moja imerejelewa angalau mara 20, basi wewe ni 20.

Nikamtajia Alfred Werner, maana alishughulika na kobalti, na sisi wa Katanga tukisikia kobalti hatunyamazi. Alizaliwa Mulhouse mwaka 1866. Nyumbani walisema Kifaransa. Yeye aliandika kwa Kijerumani na kufundisha Zürich. Mwaka 1893 alieleza jinsi molekuli sita za amonia zinavyoizunguka atomi ya kobalti. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Nobeli mwaka 1913. Leo wakemia wanaitumia kila siku bila kumrejelea, kama sisi tunavyotumia ngeli bila kuuliza nani alizipanga wa kwanza. Hesabu ya marejeo hailioni hilo.

Lakini Kijerumani wakati ule kilisomwa na wanasayansi wa kila nchi. Mimi memwari yangu naiandika kwa Kiswahili, na mwalimu mmoja ameniambia nitapata wasomaji watatu. Mmoja ni mdogo wangu: ameshaomba sura ya kwanza.