Kwa Mpwa Wangu, Direkta wa Shule

Mudzipela, Bunia

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako amepona mguu ingawa hakubali kuambiwa apumzike. Ningalikuja kwako mwenyewe, lakini magoti yamekwisha kukataa safari, na tena neno la kumwambia mkubwa wa shule halifai kusemwa uwanjani mbele ya walimu walio chini yake; ndiyo maana nimeona heri niliandike.

Nimesikia, na aliyenieleza ni bibi wa mmoja katika wanafunzi wako, kwamba tangu uliposhika udirekta umeifuta saa ya jimnastiki, na kwamba watoto wa darasa la sita hawatoki hata wakati wa rekreasyo, bali hukaa ndani wakikariri maswali ya mtihani wa taifa, ule ambao sisi wazee tungali tukiuita TENAFEP. Asaa iwe ni fitina. Lakini bibi yule aliongeza jambo ambalo fitina haina akili ya kulibuni: kwamba mjukuu wake, kwa kukosea hesabu ya desimali, alipigishwa magoti ubaoni huku wasichana wa darasa la nne wakicheza mchezo wa nzango nje ya dirisha.

Najua lililokusukuma. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, na juu yake wakaja watoto waliokimbia vita vya Djugu, hata benchi ya watatu ikachukua watano. Nao wazazi huipima shule kwa idadi ya waliofaulu, na direkta kijana, tena mwanamke, hana jicho lisilomtazama. Yote hayo nayakubali, ila hukumu uliyoitoa siikubali hata chembe, kwa kuwa mtoto aliyebanwa baina ya wenzake tangu asubuhi, na ambaye jioni hurudi kambini kulala bila nafasi ya kunyoosha miguu, ndiye hasa anayestahiki uwanja wako.

Mwaka 2003, nawe ukiwa ungali darasa la kwanza, baada ya mapigano ya Mei na baada ya askari wa Ulaya walioongozwa na Wafaransa kuingia Bunia mwezi wa Juni, sisi walimu tuliwapokea tena watoto katika madarasa yaliyong'olewa madirisha. Mlango ukipigwa na upepo walijitupa chini ya madawati, na ukimwuliza mmoja saba mara nane alikutazama kana kwamba umemsemesha kwa lugha ya mbali. Basi nikaanza kuwatoa nje kabla ya somo la hesabu, wakimbie kuuzunguka uwanja, waruke kamba, wapokezane mpira wa matambara mpaka jasho liwatoke, ndipo tuingie. Sisemi palikuwa na muujiza. Kwanza zilirudi kelele, kisha ugomvi wa kitoto, na mwishowe majedwali ya kuzidisha. Inspekta mmoja, ambaye jina lake nalisitiri, akatukuta nje saa ya hesabu, akaandika katika ripoti yake kwamba mimi ni mwalimu wa michezo asiyeijua saa, na neno hilo likanifuata hata udirekta niliotarajiwa kupewa ukamwendea mwingine. Nakala ya ripoti ninayo sandukuni hadi leo.

Baadaye padre mmoja akanipa jarida la Kifaransa, nikasoma habari za Trois-Rivières, mji wa Québec, Kanada, ambako baina ya 1970 na 1977 wanafunzi wa shule za msingi waliongezewa saa moja ya mazoezi ya mwili kila siku, na masomo mengine yakapunguziwa muda kiasi cha sehemu moja katika saba; wala alama zao hazikuanguka, bali baada ya mwaka wa kwanza ziliwapita wale waliobaki na ratiba ya zamani. Na huko Illinois, Marekani, mwaka 2009, watoto wa umri wa miaka kama tisa walitembezwa dakika 20 tu, kisha wakapewa kifungu wasome, wakakifahamu vizuri zaidi kuliko siku waliyopimwa baada ya kukaa tu. Laiti inspekta yule angaliyasoma.

Ukitaka hoja ya kuwanyamazisha wazazi, waambie kwamba Shirika la Afya Duniani linawatakia watoto wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Ila asiyekula asubuhi usimkimbize, mpe kamba awazungushie wenzake. Na nzango usiidharau, maana msichana anayeruka huku akikisia mguu ambao mwenzake ataurusha, akishika na mdundo wa makofi, akili yake haijalala. Zaidi ya yote, rekreasyo isiwe kitu cha kumnyang'anya aliye dhaifu darasani.

  

Jumatatu nitamtuma kijana apite karibu na shule yako asubuhi, aje anieleze kengele ya rekreasyo imelia saa ngapi, na darasa la sita limetoka au la.

Ni mimi mjomba wako.