Teserakti: Umbo, Njia na Neno

Sisi wahakiki wa fasihi aghalabu hatuyajali maneno ya jiometri mpaka yatukute ndani ya riwaya. Neno teserakti lilinikuta nilipokuwa nikijaribu kuifasiri A Wrinkle in Time ya Madeleine L'Engle, iliyochapishwa mwaka 1962. Mfasiri hawezi kulihamisha neno hili kabla ya kuamua ni la nani, la mwanahisabati au la mtunzi, kwa maana kila mmoja wao analo lake.

La mwanahisabati lilibuniwa na Mwingereza Charles Howard Hinton katika kitabu A New Era of Thought cha mwaka 1888. Alilijenga kwa mizizi miwili ya Kiyunani, mmoja wenye maana ya nne na wa pili wenye maana ya mwale. Miale hiyo ni kingo zinazokutana katika kila pembe. Katika pembe ya mraba hukutana kingo mbili. Katika ya mchemraba, tatu. Katika ya teserakti, nne, na kila ukingo umesimama wima kwa ile mingine mitatu. Uburute mraba kuelekea nje ya bapa lake, utapata mchemraba. Uburute mchemraba kuelekea nje ya urefu, upana na kimo, utapata teserakti: pembe 16, kingo 32, nyuso za mraba 24, na michemraba 8 inayoizingira. Mwelekeo huo hauonyesheki kwa kidole. Hinton aliupa majina mawili, ana na kata, mfano wa juu na chini. (Msomaji wa Kiswahili hana budi kuisahau kata ya kutekea maji.)

Wapo wasanii waliolishika umbo hili kwa uaminifu. Katika hadithi fupi ya Robert Heinlein ya mwaka 1941, msanifu majengo anajenga nyumba ya michemraba minane iliyokunjuliwa, kisha tetemeko la ardhi linaikunja, na waliomo hawajui tena mlango upi unatokea wapi. Salvador Dalí naye, mwaka 1954, alimchora Kristo juu ya msalaba wa michemraba hiyohiyo minane. Kile kijiwe cha buluu kinachoitwa hivyo katika filamu za Marvel ni mchemraba wa kawaida, nacho hakitushughulishi hapa.

Kwa L'Engle mambo ni mengine kabisa. Kipimo cha nne kwake ni wakati, nao ukizidishwa kwa wenyewe huzaa kipimo cha tano, na hicho ndicho teserakti. Hapa si umbo tena, ni njia. Wahusika wanaieleza kwa mfano wa mdudu anayepaswa kutembea juu ya vazi lililonyooshwa: mikono inayolishika vazi ikikutanishwa, mdudu amekwisha fika. Mwanahisabati atasema mtunzi amepotoka. Mimi siafikiani naye. Mtunzi amelichukua neno kwa ajili ya kile ambacho jiometri iliacha kando, yaani nguvu yake ya kutisha na kuahidi.

Je, tutaliitaje? Kiswahili hakikosi pa kuanzia. Mchemraba ni mche wa mraba, mche uleule tunaouomba dukani tununuapo sabuni. Nao mraba umetokana na shina la Kiarabu la nne, ukawa ndugu wa robo, wa arobaini, na wa tarbia, shairi letu la mishororo minne. Kwa jiometri, basi, "mchemraba wa vipimo vinne" inatosha, ijapokuwa nne iliyojificha ndani ya mraba huhesabu pande, na nne ya pili huhesabu mielekeo.

Katika riwaya istilahi hiyo inaua. Msichana Meg halielewi neno analolisikia kwa Bi Whatsit. Mama yake analielewa, na anaposhtuka ndipo kisa kinapoanza. Neno linalojieleza lenyewe lingemnyima Meg ujinga wake, na msomaji mashaka yake. Nadhani hapa ndipo desturi yetu ya kusifu istilahi kwa uwazi wake inapohitaji kuulizwa maswali. Uwazi ni sifa darasani. Katika sentensi ya kwanza ya fumbo ni hasara.

Nimeliacha teserakti kinywani mwa Bi Whatsit, na mkunjo nikauweka baadaye, mahali pa ule mfano wa vazi. Kunyanzi nimelikataa kwa sababu ni la uso wa mzee. Kilichobaki ni kitenzi, kwa kuwa L'Engle amenyambua kimoja kutokana na nomino hiyo. "Kuteseri" kinakaribia mno kutesa, na wenzangu wawili wamenishauri nikifute. Lakini safari ya kutoka Camazotz inamwacha Meg amepooza kwa baridi na maumivu. Bado nimekiacha.